Sifuri Si Sifa: Namna ya Kushindana na Dino Katika Akwariumu ya Bahari



Katika gazeti hili tulizoea kuwaandikia juu ya malaria, juu ya udongo unaoshuka mlimani wakati wa mvua, na juu ya samaki wa ziwa. Leo tunawaletea jambo la mbali kidogo, lakini musifunge karatasi mbele ya kufika mwisho, kwa sababu ndani yake kuko kosa letu sisi wenyewe.

Ndugu mmoja aliyemaliza masomo hapa anakaa sasa Ubelgiji. Kazi yake ni kutunza akwariumu katika nyumba za watu. Alituma barua kwa kundi letu la Biolojia-Kemia, akaeleza shida yake. Kuko nyumba moja yenye chombo kikubwa cha kioo, litre 400, kilichojaa maji ya chumvi. Ndani yake mwenye nyumba alilea matumbawe kwa muda wa miaka 8. Sasa kila kitu kilifunikwa na kamasi ya rangi ya kahawia, mawe, muchanga, hata vioo. Ndugu yetu aliisugua na kuinyonya kwa mpira, kesho yake ikarudi. Mwenye nyumba alimwambia: nakupa miezi mitatu, ukishindwa tutatupa yote, na wewe hatutakuita tena. Aliandika pia kwamba alipima maji, na vipimo vilikuwa vizuri kabisa: nitrati sifuri, fosfati sifuri.

Sisi tulijibu mbio mbio. Tulimwambia: ongeza usafi, badilisha maji kila juma, tia dawa ya kuondoa fosfati, punguza chakula cha samaki. Tulijibu hivyo kwa sababu pale internati tunajua dawa moja tu ya uchafu, ndiyo ufagio na maji mengi. Alitusikia, akafanya yote. Nyuma ya majuma matatu aliandika tena: konokono zote zilikufa, tumbawe moja la miaka 8 liliachia nyama likabaki mufupa mweupe, na kamasi ilikuwa imeongezeka mara mbili. Siku ile tulisikia haya. Tulikwenda kwa Bwana Mwalimu wa Biolojia, tukaketi tukasoma vizuri. Tunayoandika hapa ndiyo tuliyojifunza.

1. CHOMBO HIKI NI NINI?

Sisi watu wa ziwa tunajua samaki wa maji tamu. Samaki wadogo wa rangi wa Tanganyika wanajulikana sana ku Ulaya na Marekani, watu wanawafuga ndani ya vioo. Lakini akwariumu ya matumbawe ni jambo lingine. Nchi yetu iko na kipande kidogo cha bahari kule Banana na Moanda, hata kilometa 40 hazifiki, na mto Kongo unamwaga pale tope na maji tamu mengi sana. Matumbawe hayapendi mambo hayo. Anayetaka kuyaona aende pwani ya Kenya na Tanzania.

Tumbawe linaonekana kama jiwe ao kama ua, lakini ni mnyama. Ni wanyama wadogo wengi wenye kushikamana, wanaojenga mifupa ya chokaa. Ndani ya nyama yao kuko wageni wadogo sana wanaoitwa zooxanthela. Wageni hawa wanatumia mwanga wa jua kutengeneza sukari, na sehemu kubwa ya sukari ile wanampa mwenye nyumba. Maji yakipata moto kupita kiasi, tumbawe linawafukuza wageni wake, linageuka jeupe, na mara nyingi linakufa kwa njaa. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998 katika Bahari ya Hindi, wakati matumbawe mengi ya Kenya, Tanzania na Seychelles yalipokufa.

Kwa hiyo anayefuga tumbawe nyumbani anapashwa kuleta bahari nyumbani. Maji yawe na chumvi kama gramu 35 kwa litre moja, joto digri 25 ao 26, taa za nguvu, pampu za kusukuma maji, na mashine ya povu inayotoa uchafu. Zamani watu walishindwa sana. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta, kule Indonesia, alieleza katika gazeti la Marekani namna alivyofaulu: alitia ndani ya chombo mawe yaliyotoka baharini pamoja na viumbe vyote vinavyokaa ndani yake, akapuliza hewa. Mawe yale watu wanayaita mawe hai. Bakteria, minyoo, mwani na vidudu vya mawe vilifanya kazi ya kusafisha bila kulipwa.

Lakini kutoa mawe baharini kunaharibu miamba, na leo biashara yake inafuatwa na sheria za mataifa. Kwa sababu hii watu wengi sasa wanaanza na mawe makavu. Ni jambo jema kwa bahari. Lakini jiwe kavu ni kama nyumba tupu isiyo na mutu ndani. Mushike neno hili, tutalirudilia.

2. DINO NI NANI?

Jina lake la kitabu ni dinoflajelati. Sehemu ya kwanza inatoka Kigriki, maana yake ni kuzunguka, na sehemu ya pili inatoka Kilatini, maana yake ni fimbo ndogo ya kupigia. Sisi tutamwita dino.

Dino ni kiumbe cha seli moja tu. Wale wanaosumbua katika akwariumu, wengi wako na urefu wa kati ya sehemu 20 na 100 za elfu ya milimeta. Kila mmoja iko na mikia miwili. Kwa wengi mukia mumoja unazunguka kiuno kama mukanda, na wa pili unaburuta nyuma. Mikia hii inamfanya aogelee huku anajizungusha. Wengine wamevaa ngao ngumu, wengine wako uchi. Wengine wanakula mwanga kama majani, wengine wanakula wenzao wadogo, na wengine wanafanya yote mawili. Hii ni nguvu kubwa: siku ya njaa ya shamba wanakuwa wawindaji.

Tena musifikiri kwamba dino wote ni wabaya. Wale wageni wa tumbawe tuliowataja juu, wale zooxanthela, nao ni dino! Jamaa ni moja. Ndiyo sababu hakuna dawa nyepesi ya kumwaga ndani ya maji ili kuua dino wote. Ukiua jamaa nzima, umeua na tumbawe lenyewe. Ni kama kutia moto nyumba kusudi kuua panya.

Dino anaongezeka kwa kujigawanya. Tuseme kila mmoja anajigawanya mara moja kwa siku. Nyuma ya siku 10 mmoja amekuwa 1,024. Nyuma ya siku 20 wamepita milioni moja. Ndiyo maana ndugu yetu alisugua leo, na kesho kazi ilikuwa inamngojea.

3. NAMNA YA KUMTAMBUA

Mbele ya kupiga vita tunapashwa kujua adui kwa jina. Kuko vitu vitatu vinavyofanana.

Kwanza ni diatomu. Hii ni vumbi ya kahawia inayolala juu ya muchanga wa chombo kipya. Haina nyuzi, na mara nyingi inaondoka yenyewe nyuma ya majuma machache.

Pili ni bakteria za rangi, zinazoitwa sianobakteria. Zinafanya kama kitambaa chekundu ao cha kijani kilichoiva, unaweza kukitoa kipande kizima kama ngozi.

Tatu ni dino mwenyewe. Anafanya kamasi ya kahawia yenye nyuzi ndefu, na juu ya kila uzi kuko mapovu madogo. Mapovu yale ni hewa ya oksijeni anayoitoa wakati anakula mwanga. Asubuhi mbele ya taa kuwaka chombo kinaonekana safi kidogo. Saa za mchana kamasi inajaa. Usiku inapungua tena. Na konokono wanaokula juu ya mawe wanalegea, wanaanguka, wanakufa.

Kuko jaribio jepesi lisilohitaji mashine. Unanyonya kamasi kidogo pamoja na maji ndani ya chupa ndogo. Unatikisa kwa nguvu hata kamasi iachane kabisa. Unachuja kwa karatasi ya kuchujia kahawa, na maji yaliyopita unayaacha penye mwanga kama saa moja. Kama ni dino, wao ni wadogo na wanapita ndani ya karatasi, kisha wanatafutana tena na kutengeneza nyuzi mpya ndani ya maji safi. Kama ni mwani wa kawaida, maji yanabaki vile vile. Sisi wenyewe tulijifunza mkono kwa kutumia utelezi wa kijani wa tangi la mvua nyuma ya jiko. Tulingoja saa moja, tukangoja saa ya pili, maji yalibaki maji. Vizuri: tuliona jaribio linajua kusema hapana.

Jaribio bora kupita hilo ni darubini. Tone moja chini ya lenzi linatosha kusema ni jamaa gani ya dino. Majina ni magumu lakini ni ya lazima, kwa sababu dawa inafuata jina:

a) Ostreopsis na Coolia. Wanafanana na mbegu iliyochongoka upande mumoja. Wanajifunga kwa uzi wa kamasi na kuzunguka pale pale kama mbuzi aliyefungwa kwa kamba. Usiku wengi wanajifungua na kuogelea ndani ya maji.

b) Prorocentrum. Anafanana na mbegu yenye maganda mawili yaliyofungana. Mikia yake miwili inatoka mbele, na kiuno hana.

c) Amphidinium. Anafanana na yai lenye kichwa kidogo. Hana ngao. Wale wakubwa wanapenda kukaa ndani ya muchanga, na hata usiku hawaondoki sana.

Ndugu yetu alipata darubini ndogo ya wanafunzi, akachora alichoona, akatutumia. Tulilinganisha na kitabu: mbegu iliyochongoka, inazunguka juu ya kamba yake. Ilikuwa Ostreopsis.

4. SABABU GANI WALIINGIA?

Hapa ndipo tulipokuta kosa letu. Katika mtihani sifuri ni haya. Sisi tulifikiri katika maji sifuri ni sifa. Kumbe hata katika maji ni haya.

Kila kiumbe kinahitaji naitrojeni na fosforasi. Mwamerika Alfred Redfield alionyesha tangu mwaka 1934 kwamba viumbe vidogo vya bahari vinatumia vitu hivi kwa hesabu inayokaribiana kila pahali. Leo tunafundishwa hesabu ya kaboni 106, naitrojeni 16, fosforasi 1. Ukitoa kimoja mpaka sifuri, maisha hayasimami kwa usawa. Wengine wanakufa kwanza, wengine wanabaki.

Ni nani anakufa kwanza? Ni wale wapole: mwani wa kijani, diatomu, bakteria nyingi zinazokaa juu ya mawe. Hao wanangoja chakula kiwafikie. Dino hangoji. Anaogelea kutafuta, anakula bakteria, anatega mitego ya kamasi, na wengine wako na sumu inayowafukuza wanaotaka kuwala. Majirani wakiondoka, yeye anapata uwanja wote.

Ninyi watoto wa wakulima mutafahamu upesi. Shamba lililolimwa mpaka udongo ukabaki mutupu halikai tupu. Mvua moja tu, na majani mabaya yanatangulia maharagi. Mwenye shamba akikwangua tena, anazidi kuwafungulia njia. Basi chombo cha ndugu yetu kilikuwa shamba la namna hii. Kilikuwa na mawe makavu, kwa sababu mwaka uliopita walihama nyumba na kuacha mawe ya zamani. Kilikuwa na mashine kubwa ya povu, dawa ya chuma inayokamata fosfati, samaki wachache, chakula kidogo. Kila kitu kilikwanguliwa. Na sisi, kutoka hapa, tulimpa jembe lingine.

5. KAZI YENYEWE, HATUA KWA HATUA

Hatua hizi hazikutoka kwa mutu mumoja. Wafugaji wengi wa Ulaya na Marekani walizipata pole pole kwa kujaribu na kushindwa. Hakuna moja inayotosha peke yake.

Ya kwanza: Kuacha kukwangua. Simamisha kubadilisha maji kwa muda, toa dawa ya fosfati, punguza saa za mashine ya povu, lisha samaki vizuri. Kamasi unaweza kuinyonya, lakini maji yale yapite ndani ya mfuko wa kitambaa chembamba na kurudi ndani ya chombo.

Ya pili: Kurudisha chakula cha maji. Wafugaji wanatafuta nitrati kati ya miligramu 5 na 10 kwa litre, na fosfati kati ya 0.05 na 0.1. Wanafunzi wa Kemia, hapa kuko hesabu yenu. Chombo ni litre 400. Tunataka nitrati miligramu 5 kwa litre, ndiyo miligramu 2,000, ao gramu 2. Tukitumia nitrati ya sodiamu, NaNO3, uzito wa molekuli ni 85, na ndani yake nitrati ni 62. Basi 2 mara 85 kugawanya kwa 62 ni karibu gramu 2.7. Kwa fosfati tunataka 0.1 mara 400, ndiyo miligramu 40. Kwa KH2PO4 (136, ndani yake fosfati 95) inakuwa karibu gramu 0.057. Hakuna mizani ya nyumbani inayopima hiyo. Basi unayeyusha gramu 5.7 ndani ya litre moja ya maji safi, na kila mililitre 10 inabeba gramu 0.057. Ndiyo kazi ya suluhisho tunalofanya katika labo huku tukinungunika!

Lakini usitie yote siku moja. Tia sehemu, pima kesho, tia tena. Mawe makavu yanakunywa fosfati kama muchanga unavyokunywa maji, kwa hiyo siku za kwanza kipimo kitarudi sifuri. Vumilia. Na usipite kipimo, kwa sababu chakula kingi mno nacho kinaleta magonjwa mengine.

Ya tatu: Taa ya ultravioleti. Maji yanasukumwa ndani ya bomba lenye taa isiyoonekana vizuri kwa macho, mwanga wake unaharibu DNA ya seli zinazopita. Inasaidia sana kwa Ostreopsis na Coolia, kwa sababu usiku wanajifungua na kuingia ndani ya maji. Bomba livute maji katika chombo chenyewe na kuyarudisha mule mule, na lifanye kazi usiku wote. Kwa Amphidinium wakubwa haisaidii sana, maana hao hawatoki katika muchanga. Mutu asipojua jina la dino wake anaweza kununua taa ya bei kali bule.

Ya ine: Giza. Wengine wanazima taa na kufunika chombo siku tatu. Matumbawe yenye afya yanavumilia. Dino wanapungua, lakini giza peke yake haliponyeshi; taa ikiwaka tena, kama maji yangali sifuri, wanarudi. Tena seli nyingi zikifa pamoja zinakula oksijeni na kuachia sumu. Basi wakati ule ongeza hewa, na tia makaa maalum ya kusafisha maji kusudi yakamate sumu.

Ya tano: Kurudisha majirani. Hii kwa maoni yetu ndiyo kubwa kupita zote. Tia jiwe dogo ao kikombe cha muchanga kutoka chombo kingine chenye afya kilichokaa miaka. Tia vidudu vidogo vinavyoruka, vinavyoitwa kopepodi. Tia bakteria. Kwa Amphidinium wafugaji wengine wanatia silika kidogo kusudi diatomu ziote na kumnyanganya nafasi juu ya muchanga. Mutu anayeona mwani wa kijani unaanza kuota juu ya kioo asikasirike. Ni habari njema: majirani wamerudi.

Ya sita: Uvumilivu. Kazi hii inahesabiwa kwa majuma, si kwa siku. Anayebadilisha dawa kila siku tatu hatajua ni ipi iliyosaidia.

6. SUMU: MUSICHEZE

Ostreopsis wengine wanatengeneza sumu kali. Mwaka 2005, wakati wa joto, kule Genova pwani ya Italia, watu kama 200 walikwenda kwa munganga wakiwa na homa, kikohozi na shida ya kupumua. Dino aliyepatikana pale ni Ostreopsis ovata, na upepo wa bahari ulileta sumu yake kwa watu waliokaa pwani.

Kwa hiyo anayesafisha chombo chenye dino avae mipira ya mikono, asinyonye mpira kwa kinywa, asiguse macho, na asisugue kamasi iliyokauka. Tena asipike mawe ya akwariumu kwa moto akifikiri kuyasafisha. Juu ya mawe yale kunaweza kuwa na wanyama wanaoitwa Palythoa, na wengine wao wako na palitoksini, sumu mbaya sana. Mvuke wake unaweza kuangusha watu wa nyumba nzima.

Na maji yale machafu yasimwagwe baharini wala ziwani. Mwaka 1984 kipande cha mwani mgeni, Caulerpa taxifolia, kilionekana baharini chini ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Kisha ulienea katika pwani za nchi nyingi za Mediterania. Sisi tusicheke. Mto wetu unajua gugu-maji, nalo pia ni mgeni aliyetoka Amerika ya Kusini na kuziba njia za mitumbwi.

7. MWISHO WA HABARI

Tulimwandikia ndugu yetu barua ya pili. Mwanzo wake tuliandika: tulikudanganya bila kutaka, tusamehe. Kisha tukampa hatua hizi. Alikwenda kumweleza mwenye nyumba kwamba atatia nitrati, kile kile alichoambiwa kukitoa. Mwenye nyumba alimwangalia kama mwenda wazimu, lakini kwa kuwa muda ulikuwa haujaisha alimwacha.

Juma la kwanza hakuna kitu kilibadilika. Fosfati ilitiwa na kurudi sifuri kila siku. Juma la tatu kipimo kilisimama. Juma la ine taa ya ultravioleti ilifika, na kamasi ikaanza kukatika. Juma la sita aliona mwani wa kijani juu ya kioo, akatuandikia kwa furaha kama mutu aliyeona maharagi yake yameota. Juma la tisa aliweka konokono wawili. Asubuhi aliwakuta wangali wanatembea.

Kazi hakuipoteza. Lakini lile tumbawe la miaka 8 halikurudi. Mufupa wake mweupe uko pale ndani ya maji, na mwani wa waridi umeanza kuufunika. Aliomba mwenye nyumba asiutoe. Anasema unamkumbusha kupima mbele ya kusafisha. Sisi nasi tunapashwa kukumbuka: tulitoa shauri kwa mutu wa mbali bila kuuliza swali hata moja, na aliyelipa si sisi.

Basi wandugu, tukiitwa kusaidia, tuulize kwanza: adui ni nani, jina lake ni nani, na nani alikuwa anakaa hapa mbele yake? Kisha ndipo tutafute ufagio.

MASWALI YA KUJIPIMA (majibu mulete kwa kundi la sayansi mbele ya mwisho wa mwezi)

1. Sababu gani hatuwezi kumwaga dawa ya kuua dino wote ndani ya akwariumu ya matumbawe?

2. Chombo ni cha litre 250, nitrati ni sifuri. Utatia gramu ngapi za NaNO3 kusudi ufike miligramu 8 kwa litre? Uigawanye kwa siku ine.

3. Taa ya ultravioleti inasaidia kwa Ostreopsis, lakini si sana kwa Amphidinium wakubwa. Eleza.

4. Tafuta katika mashamba ya kwenu mfano mumoja wa adui aliyeingia kwa sababu majirani wake waliondolewa. Andika mistari kumi. Mifano bora tutaitia katika gazeti linalokuja.